Usafi Si Dawa

Katika maisha yake yote bibi yangu amepigwa picha mara chache, na hakuna hata moja anayoipenda. Ya kwanza alipigwa akiwa msichana kule Kivu ya Kusini, na mpiga picha alimkata miguu. Ya mwisho alipigwa Kabazana, kituo cha kupokelea wageni, siku tulipoandikishwa kama wakimbizi, na ndani yake anaonekana kama mtu aliyemezwa na samaki kisha akatemwa. Kwa hiyo muuguzi wa kituo chetu cha afya hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, alipomwambia kwamba inabidi aende hospitali mjini Mbarara, akaangaliwe utumbo mkubwa kwa kamera ndogo inayoingizwa kwa njia ya nyuma, Koko hakushtuka kwa sababu nilizozitarajia.

"Sura yangu yenyewe haitokaka muzuri mu picha," akasema. "Sasa tumbo njo itatoka muzuri?"

Koko ndivyo tunavyomwita bibi huko kwetu, na ndivyo nusu ya Kashojwa, kijiji chetu, inavyomwita. Umri wake ni kati ya miaka sabini na mitano na themanini, kutegemea umemwuliza akiwa amefurahi au amekasirika. Mwaka huu alianza kuchoka. Alikuwa akilima mstari mmoja wa maharage, kisha anakaa juu ya mpini wa jembe na kuyatazama mahindi ya watu wengine kana kwamba ndiyo yaliyomchosha. Muuguzi alimvuta chini kope la jicho, akaona weupe. Wakapima damu, ikaonekana imepungua. Wakapima choo, wakakuta humo damu kidogo, ile ambayo jicho haliwezi kuiona. Kwa mtu wa umri ule, muuguzi alisema, damu ya namna hiyo haiachwi hivihivi.

Nyumbani tunaishi watatu: Koko, mimi, na mama mdogo, yaani binti wa mwisho wa Koko. Mama mdogo alitaka kamera kesho yake. Baba yake, yaani babu yangu, alikufa kwa tumbo kabla hatujakimbia. Alikonda mpaka mkanda wake ukawa unamzunguka mara mbili, na hakuna aliyejua ndani mlikuwa na nini, kwa sababu hakuna aliyeangalia.

"Baba alienda bila sisi kujua kitu," mama mdogo alisema. "Mama hataenda vile."

Mimi nilikuwa na woga wa upande wa pili. Nilikuwa nimesoma kwenye simu yangu, na kusoma ni kazi yangu na ugonjwa wangu. Nilisoma kwamba kamera hiyo inaweza kukuta uvimbe ungali mdogo na kuukata kabla haujageuka saratani. Halafu nikasoma kwamba kwa wazee ukuta wa utumbo huwa mwembamba na kamera inaweza kuutoboa, kwamba dawa ya usingizi inaweza kuusumbua moyo, kwamba ile dawa ya kuendesha wanayokunywa siku moja kabla inaweza kuwakausha maji. Mtu anayeandika riwaya, kama mimi, ana tabia moja mbaya: huuona msiba kabla hajaiona stendi ya basi. Usiku nilimzika Koko mara kadhaa, na asubuhi nikamkuta anakaanga mihogo na kunitukana kwa kuchelewa kuamka.

Hivyo tukawa wawili tunaovutana juu ya tumbo moja, na mwenye tumbo hajaulizwa.

Jirani yetu wa upande wa bondeni ni mzee wa Kirundi, mkulima wa maharage, Mkatoliki ambaye hajawahi kukosa sala ya asubuhi wala kibuyu cha jioni. Yeye na Koko wana utani ambao ungeweza kuwafanya wageni waite polisi. Yeye humwita mukecuru, yaani bibi kizee, na Koko humwita mutama, yaani babu kizee, na wote wawili huyatamka maneno hayo kama watu wanaorushiana maganda ya ndizi. Mwaka uliopita mzee huyo alipimwa kwa kamera ileile. Alipopata habari alikuja akichechemea na fimbo yake mpaka kwenye baraza yetu.

"Mukecuru, nasikia wanakwenda kukuchungulia."

"Weye balikuchungulia, mutama. Balikuta nini? Maharage?"

"Walikuta kinyama kimeota ndani," akasema, akikaa polepole. "Kidogo kama harage, hapo umepata. Wakakikata hapohapo, mimi nimelala. Daktari alisema kingebaki, baadaye kingeweza kuwa kitu kibaya."

"Na muguu?"

Mzee aliutazama mguu wake wa kushoto kama mtu anayemtazama mtoto aliyemwaibisha.

"Mguu ni wa ile dawa ya kunywa. Ile haikuombi ruhusa. Nilikwenda chooni, nikarudi, nikaenda, mpaka nguvu zikaisha zote. Safari ya mwisho nikaanguka kwenye mawe, nyonga ikavunjika. Kwa hiyo wao wameniponya tumbo, na choo kimechukua mguu."

Mama mdogo aliuliza kama angekubali tena, ikiwa siku zingerudi nyuma.

Mzee alifikiri kwa dhati. "Kamera ningeikubali," akasema. "Mawe ningeyakataa."

Nimekaa na jibu hilo miezi mingi. Katika yote niliyosoma sikukuta mtu aliyeyaeleza mambo hayo vizuri zaidi, faida na hatari zikiwa zimekaa kwenye kiti kimoja, zinaomba chai.

Lakini lazima niseme pia habari ya Jumamosi.

Katika nyumba nyingi za kwetu Kongo, nyuma ya mlango, pana msumari, na kwenye msumari pananing'inia mpira mwekundu wenye umbo la pea na ncha ndefu. Tunauita puari, neno la Kifaransa la tunda hilohilo. Unaujaza maji ya vuguvugu yenye majani, unamlaza mtoto juu ya mapaja, unaingiza ncha kwa nyuma, unabinya, na kilichokuwa kimekaa tumboni siku tatu kinatoka kikikimbia. Mtoto akiwa na homa, anaoshwa tumbo. Bibi harusi kabla ya harusi anaoshwa. Watu waliokula sana Krismasi wanaoshwa. Hakuna kwetu anayeuita huo ugonjwa wala tiba. Ni sawa na kuoga, ila kwa ndani.

Koko ndiye mwoshaji wa Kashojwa. Kila Jumamosi akina mama wa Kikongomani wanakuja na watoto wao, wanakaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba wakicheka na kusutana, na Koko anachemsha majani yake kama mtu anayepika kwa ajili ya askofu. Ana mkono mwepesi. Watoto hulia kabla, si wakati wenyewe. Furaha ya siku hiyo siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hakukulia ndani yake. Mwanamke mmoja anatoka chooni akisema amezaliwa upya, mwingine anamjibu kwamba tumeusikia uzazi wenyewe, na kicheko kinavuka uzio na kwenda mpaka barabarani.

Mzee wa Kirundi hupita na jembe lake, huiona foleni, hutikisa kichwa. "Wakongomani," husema, "mnaogopa mavi kuliko shetani."

"Shetani hakaaka mu tumbo siku tatu," Koko humjibu.

Jioni, wote wakiisha kuondoka, Koko hujiosha mwenyewe.

Basi tukaenda Mbarara, mimi na Koko, mama mdogo akibaki kulinda mihogo iliyoanikwa. Koko alivaa kitenge chake cha njano, kwa sababu, alisema, hata kama picha ni ya ndani, mutu hawezi kujua nani ataangalia ya nje. Mji ulimfurahisha. Maduka ya maziwa yamepangana, malori ya ndizi za matoke yanashuka kutoka milimani, na kwenye mzunguko wa barabara kuna sanamu ya ng'ombe mwenye pembe kubwa kuliko mlango wetu. Koko alimtazama ng'ombe huyo kwa muda mrefu, akasema kwamba watu wanaomjengea ng'ombe sanamu hawawezi kuwa watu wabaya.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, Munyankore, mwenyeji wa huko, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alimkaribisha Koko kwa mikono yote miwili, akavuta kiti chake kutoka nyuma ya meza mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Nyabo, Kiswahili yangu ni ya baraksi," akasema, akitumia neno lao la kumheshimu mwanamke. "Baba yangu alikuwa mwanajeshi. Utanisamehe."

"Yangu ni ya soko," akasema Koko. "Tutakutana mu njia."

Mimi nilikaa kando kama mkalimani wa pale ambapo njia ingepotea. Daktari alipima presha, akasikiliza moyo, akauliza juu ya uzito, hamu ya chakula, maumivu. Kisha akauliza swali jepesi kuliko yote.

"Dawa gani unatumia?"

"Ya presha tu."

"Na dawa ingine? Ya kienyeji? Ya miti?"

"Hapana. Miye siko mutu ya madawa."

Nilitikisa kichwa kuthibitisha. Kwa moyo mweupe kabisa, nilithibitisha.

Daktari akachukua karatasi na kuchora utumbo mkubwa, umekaa kama fremu ya mlango isiyo na kizingiti. Akaanza kueleza, na alieleza bila haraka, kana kwamba hapakuwa na watu wengine ishirini wanaongoja nje.

"Tukiweka kamera, tunaona hii yote mpaka hapa. Kama kuna kitu kidogo, tunakata, kwisha. Kama ni kikubwa, tunajua ni nini. Hiyo ni faida. Hatari sasa. Kwa mutu mukubwa, huku ndani kunakuwa laini kama karatasi ya sigara. Kamera inaweza toboa. Si kila siku, lakini ikitoboa ni upasuaji. Inaweza toka damu. Dawa ya usingizi inaweza sumbua moyo, na moyo yako imechoka kidogo. Na ile maji ya kunywa mbele ya kipimo inamaliza nguvu. Presha inashuka, mutu anaanguka."

"Muguu ya mutama," Koko aliniambia kando.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

"Anasema tuna jirani," nikajibu.

Koko alikuwa bado anaitazama ile karatasi. "Dokta, unasema faida. Faida ni ya nani? Ya miye ao ya benye bako na woga?"

Daktari hakucheka. Alinitazama mimi kwanza, kisha akamrudia Koko, na nikajua amefahamu ni akina nani wenye woga.

"Hiyo ndiyo swali," akasema. "Na mimi niko na yangu. Tukikuta kitu kibaya huko ndani, unakubali upasuaji? Kama hapana, kamera itatusaidia sisi kujua, na wewe utabaki kubeba tu ile habari. Kama ndiyo, basi kamera inaweza kukusaidia."

Katika wiki zote za kuvutana nyumbani hapakuwa na aliyemwuliza Koko hivyo. Nilimtazama nikingoja jibu, na nikagundua kwamba silijui, mimi ambaye najua hata upande anaolalia.

"Nitafikiri," akasema Koko.

"Fikiri, mukaaka. Hakuna mbio." Mukaaka ni bibi kwa lugha yao, na kutoka hapo hakumwita nyabo tena. "Lakini nikuambie kazi ya kujitayarisha, ujue yote. Siku moja mbele, hakuna maharage, hakuna majani. Unakunywa ile maji mpaka tumbo inakuwa safi. Safi kabisa, kama glasi."

Hapo Koko akacheka. Alicheka kama mpishi aliyefundishwa kuwasha moto.

"Mwambie huyu mama," akaniambia, "tumbo yangu iko safi kupita yake. Najioshaka kila Jumamosi, tangu mama yako hajazaliwa."

Nilitafsiri. Daktari alikuwa anaandika, akaacha.

"Anaosha na nini?"

Koko akaonyesha kwa vidole umbo la pea, akabinya hewa. Nikaeleza habari ya puari, na ya majani, na ya msumari nyuma ya mlango.

"Na ndani ya maji anaweka nini?"

"Majani yangu," Koko akasema, akihesabu kwa kupinda vidole. "Tangawizi. Chumvi. Na pilipili."

"Pilipili."

"Kidogo. Ku batoto sitiake kabisa. Ku miye natia ya mutu mukubwa."

Daktari alivua miwani, ikaning'inia kwa kamba yake. "Mukaaka, nilikuuliza dawa."

"Ndiyo, uliuliza dawa," akasema Koko kwa upole wa mtu anayemsubiri mwanafunzi. "Hii si dawa. Ni usafi."

Kisha daktari akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu kwa sauti, na Koko, ambaye hajawahi kumwacha mtu acheke peke yake, akajiunga. Mimi nikafuata. Muuguzi alifungua mlango kuona kuna nini, akaufunga tena.

Walipokwisha, daktari alimwomba Koko alale kitandani nyuma ya pazia, ampime kwa kidole. Nilisikia sauti ya glovu, sauti ya Koko ikitaja jina la Yesu mara moja, kisha mazungumzo ya chini. Koko alitoka akifunga kitenge chake kwa heshima zote.

"Huyu sasa ni ndugu," akaniambia. "Hakuna mutu ananijua vile."

Daktari alituambia kwamba ngozi ya chini, karibu na njia ya kutokea, imechubuka na kuwa nyekundu kama goti la mtoto aliyeanguka. Damu ile ndogo inaweza kuwa inatoka hapo. Inaweza, alirudia, akanitazama ili nitafsiri neno hilo kwa uzito wake.

"Pilipili namushuku kama mwizi," akasema. "Lakini bado sijamushika. Tufanye hivi. Puari ikae kwa msumari. Nakupa vidonge vya kuongeza damu na ya minyoo. Baada ya wiki kadhaa urudi, tupime tena. Damu ikiwa bado iko, tutaongea kamera, na nitakulaza hapa, unakunywa ile maji tunakuona, hakuna kukimbia kwa mawe. Na kama mbele ya hapo unaona damu kwa macho, ao unakonda, ao tumbo inauma, usingoje siku yetu. Unakuja."

Mama mdogo alitupokea barabarani. Alipousikia mkasa wote hakucheka hata kidogo.

"Nilibatuma ku kamera, munarudi na pilipili?"

"Njo vile," Koko akasema, na akapita kwenda kuangalia mihogo.

Mama mdogo alinishika mkono, akanibakiza nyuma. "Na kama ni kile cha baba?" akaniuliza. "Na kama tunangoja, na kile kinakula?" Nilimwambia tu kile daktari alichoniambia mlangoni, kwamba wiki chache si kitu kwa ugonjwa unaokua kwa miaka, na kwamba wakati mwingine kungoja nako ni kupima. Alisema hayo ni maneno ya watu ambao baba zao wako hai.

Zikafuata Jumamosi ngumu. Akina mama walikuja na watoto wao wakamkuta Koko amekaa barazani, mikono mapajani, kama duka lililofungwa. "Dokta amenifunga," aliwaambia. Wengine walidhani amehukumiwa. Mmoja alimshauri akate rufaa. Yeye mwenyewe aliteseka kwa namna iliyotuchekesha na kutuhuzunisha. Alisema anajisikia kama nyumba ambayo haijafagiliwa na wageni wako njiani. Alizunguka uani akinung'unika, akisimama, akisikiliza tumbo lake kana kwamba ni mpangaji asiyelipa.

Mzee wa Kirundi alikuja na papai kubwa chini ya kwapa.

"Chukua, mukecuru. Hili linafanya kazi ileile, ila linaingia kwa mlango wa mbele."

Koko alilipokea bila shukrani, akalila lote peke yake, na kesho yake akamtuma mtu bondeni kuomba lingine. Alikunywa maji mengi kuliko alivyowahi kunywa, akala maboga, akala uji wa ulezi. Aliacha kulalamika. Halafu, siku moja ambayo hakuna aliyeiona ikifika, alimaliza mistari miwili ya maharage bila kukaa, na aliporudi alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa maneno ya kwake, yaliyomhusu mzee wa Kirundi na papai.

Jioni hiyohiyo tulikuwa tunapukuchua maharage, mimi na yeye.

"Lile swali ya dokta," akasema, bila mimi kuuliza. "Ya kisu."

"Ndiyo, Koko."

"Kama ni kisu, halafu narudi ku jembe yangu, nakubali. Kama ni kisu halafu kitanda, munanigeuza kama mukate, hapana. Nimeona batu mingi ku kitanda. Miye nilikimbia vita na miguu yangu, sitaki kumalizia fasi ya kulala." Alitupa ganda. "Uandike hiyo, weye mwenye kuandika. Na umwambie mama mudogo wako, juu akiulizaka miye, analia."

Nilimwambia. Alilia kweli, lakini siku iliyofuata alitangaza kwamba safari hii naye anakwenda Mbarara.

Tulikaa watatu mbele ya daktari. Majibu yalikuwa juu ya meza na mama mdogo aliyatazama kama mtu anayetazama nyoka aliyelala. Daktari hakutuchelewesha. Damu ya mwilini imepanda. Ndani ya choo, hakuna damu. Alikuwa amepima zaidi ya mara moja, kwa sababu kipimo kimoja kinaweza kudanganya. Ngozi iliyochubuka imepona.

"Mwizi ni pilipili," akasema. "Nafikiri tumemushika."

Mimi nilipumua. Mama mdogo hakupumua.

"Lakini dokta," akasema, "hatujaangalia. Kama kuna kitu kinajificha?"

Nilidhani daktari atamwambia hakuna kitu. Hakusema hivyo, na kwa ajili hiyo nitamheshimu siku zote.

"Inawezekana," akasema. "Kamera peke yake ndiyo inaweza kuapa. Lakini sikia. Hivi vitu vinakua polepole, miaka mingi. Kama mama yako angekuwa na umri wako, ningesema twende, tuangalie. Kwa umri wake, na moyo wake, bila damu, bila kukonda, naona tunaweza kumuumiza leo juu ya kitu ambacho pengine hakingemusumbua hata siku moja. Akitaka, nitamufanyia, na nitamufanyia vizuri. Asipotaka, sitasema amekosea. Muulize yeye."

Wote watatu tukamgeukia Koko. Alikuwa amekaa wima ndani ya kitenge chake cha njano, anatazama dirishani ambako gari la maziwa lilikuwa linarudi kinyumenyume likipiga kelele.

"Kama kiko," akasema, "kinalala. Miye nitafanya nini na kitu chenye kulala? Na miye nitalala. Tutaona nani ataamuka wa kwanza."

"Mama," akasema mama mdogo, "na kama kitaamuka mbele yako?"

"Damu ikirudi, njo nitarudi. Dokta ataingiza televizyo yake, na kama ni kisu, nimeshasema. Kisu na jembe, ndiyo. Kisu na kitanda, hapana." Alimgeukia binti yake, akaongea polepole kuliko nilivyowahi kumsikia. "Baba yako hatukumuuliza kitu, juu hatukukuwa na mutu wa kuuliza. Leo miye baliniuliza. Nimejibu. Basi, mutoto yangu."

Daktari alikuwa anatafuta kitu kwenye droo, kwa muda mrefu kuliko droo ile ilivyohitaji. Alipomaliza alisema mukaaka arudi baada ya miezi kadhaa kupimwa tena, na aendelee na vidonge mpaka viishe. Kuhusu watoto wa Kashojwa alikuwa mkali: mtoto asipopata choo apewe maji na matunda, asipopona aletwe kituoni, na majani yoyote yasiingie tena kwa nyuma. Koko alisikiliza mpaka mwisho, akasema atawaambia akina mama wote, ila daktari ajue kwamba anamwachisha kazi mtu mashuhuri.

Tulipofika kwenye ngazi za nje, mama mdogo akashika ukuta. Uso wake ulikuwa umetoka rangi. Nilidhani ni machozi, kumbe alikuwa anaanguka. Koko alimdaka kwapani kabla yangu, akamshikilia kwa mkono ule wa kulimia, akamketisha kwenye ngazi.

"Unaumwa nini?"

"Siumwi," mama mdogo akasema. "Nimefunga. Tangu juzi. Nilikuwa naomba juu yako."

"Kufunga. Na maji?"

"Hata maji."

Koko alisimama juu yake, mkono kiunoni. Watu waliokuwa wanapanda na kushuka walipita pembeni yetu.

"Mutama alivunjika muguu na tumbo tupu," akasema, "na weye unatembea mu hospitali na tumbo tupu ili miye nisianguke." Kisha akaanza kucheka, na mama mdogo, akiwa amekaa pale chini na kichwa kwenye magoti, akacheka pia, kicheko kidogo kilichokauka, cha kwanza nilichokisikia kwake tangu mavuno.

Tulimsindikiza mpaka ng'ambo ya barabara, Koko kulia, mimi kushoto, kwa mwendo wake. Hapo palikuwa na kijana wa chapati mwenye kikaango cheusi. Kwanza Koko alidai maji, akasimama mpaka chupa ikafika nusu. Halafu akaagiza chapati ya kuviringishia mayai, akayatazama mayai yakipasuliwa, akasema yaongezwe. Kijana aliuliza kama aweke pilipili.

"Huyu, tia," akasema Koko, akimwonyesha binti yake. "Inaingia ku mudomo."